Eti "ilikuwa rali tu": Chanika, Safari ya 1953 na sheria za madereva

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki mbili. Wapo walionitumia ujumbe wakidhani nimeacha kuandika. Hapana. Nilikuwa Chanika. Na kwa watu wa Dar nianze kusahihisha kabla hamjaniuliza kama nilipandia Gongo la Mboto: hii si Chanika ya Ilala. Hii ni Chanika ya Handeni, mjini kabisa, kule ambako ukishuka basi unasalimiwa Kizigua kwanza, Kiswahili baadaye.

Sikwenda kutembea. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alivunjika mguu. Vijana watatu wa bodaboda walikuwa wanashindana usiku kwenye lami ya kwenda Korogwe, taa zimezimwa ili trafiki asiwaone, na yeye akakutana na ng'ombe. Ng'ombe alikufa palepale. Yeye alipona, ila mguu wa kulia umefungwa hogo kutoka kwenye unyayo hadi pajani. Nilipomuuliza walikuwa wanafanya nini, akanijibu bila kupepesa macho: "Kaka, ilikuwa rali tu."

Sasa mimi nimewahi kuandika kurasa za michezo, na nikiri kwamba neno hilo lilinikera kuliko ule mguu wenyewe. Rali! Nikataka kumwambia rali ina sheria. Nikafungua mdomo, nikagundua sijui hizo sheria zilitoka wapi. Najua kuna kofia ngumu, najua kuna mkanda. Lakini nani alianza kudai, lini, na baada ya nini kutokea? Haya ndiyo niliyoyachimba nikiwa pale na baada ya kurudi.

Nianze na barabara yenyewe. Vijana wengi wanaijua Handeni kama mahali pa kuingilia kwa kukata kona kutoka Mkata au Korogwe, mji ulio pembeni ya njia kuu ya Segera na Chalinze. Zamani haikuwa hivyo. Msafiri wa Moshi au Korogwe aliyekuwa anakwenda Morogoro alipita hapa, kisha Mziha, kisha Turiani. Vumbi kiangazi, tope masika. Pale kijiweni kwenye kahawa nilimkuta mzee mmoja ambaye, nilipotaja mbio za magari, aliweka kikombe chini. "Mwanangu, unasema yale magari ya Pasaka?" Akaniambia alipokuwa mtoto mama yake alifunga mbuzi, akawafungia na wao ndani, yeye na wadogo zake, mpaka vumbi litulie. Kwa hiyo hakuyaona. Aliyasikia tu. Walipofunguliwa wakakimbia barabarani kuangalia alama za matairi.

Hiyo habari ya mama kuwafungia watoto nimekaa nayo sana. Mtaona kwa nini.

Mbio anazozikumbuka mzee ni zile zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari. Zilianza tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikahamia Pasaka, wakati wa masika, na hapo ndipo tope likawa mshindani wa kwanza. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari Rally.

Hadithi ya kuzaliwa kwake inasimuliwa sana Nairobi. Eric Cecil alikuwa anapenda mbio za uwanjani, kwenye mzunguko wa Langa Langa karibu na Gilgil. Akamwalika binamu yake, Neil Vincent, aje kushindana. Vincent akamjibu kwamba hakuna kitu kinachochosha kama kuzunguka njia ileile mara mia. Akasema kama kungekuwa na mashindano ya kupanda gari, kufunga mlango, kukata nusu ya Afrika na kurudi, hapo angeingia. Cecil akaenda kuyaandaa.

Wote huwa tunacheka kwenye hadithi hii. Mimi safari hii sikucheka, kwa sababu ukiitazama kwa jicho la usalama ni uamuzi wa ajabu kidogo. Huko Ulaya walikuwa wameshapita njia hiyo na kuikimbia! Mwaka 1903 kulikuwa na mbio za kutoka Paris kwenda Madrid, barabara za kawaida, vijijini. Watu wakafa, madereva na watazamaji, akiwemo Marcel Renault wa familia ile ya magari. Serikali ikazisimamisha Bordeaux, hata Hispania hazikufika. Miaka minne baadaye, 1907, Uingereza ikafungua Brooklands, uwanja uliojengwa maalumu kwa ajili ya mbio za magari. Maana ya uwanja ni ukuta. Ukishakuwa na ukuta unaweza kuweka sheria: bendera ya njano ikipepea kuna hatari mbele, punguza mwendo na usimpite mwenzio, nyekundu, mbio zimesimama. Kila kona ina msimamizi wa kuipeperusha. Dereva hahitaji kujiuliza kama nyuma ya kilima kuna bibi na mzigo wa kuni.

Na hata ukuta hautoshi. Le Mans, 1955, gari la Pierre Levegh liliruka na kuingia kwa watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Uswisi ikapiga marufuku mbio za uwanjani nchini mwake. Italia nao walikuwa bado wanakimbiza magari barabarani kwenye Mille Miglia hadi 1957, Alfonso de Portago alipopasukiwa tairi, akafa yeye, msoma ramani wake na watazamaji tisa, watano kati yao watoto. Ndipo Italia ikasema basi.

Kwa hiyo wakati Ulaya inawaondoa madereva barabarani, Afrika Mashariki ndiyo kwanza ilikuwa inawatoa uwanjani na kuwaweka barabarani. Barabara yenyewe ndiyo hii yetu ya ng'ombe, malori ya mkonge na watu wanaotoka kanisani Jumapili ya Pasaka.

Sheria za mwanzo za Safari zililinda nini? Ukizisoma leo unaona zililinda zaidi haki kuliko uhai. Magari yaligawanywa kwa madaraja kufuatana na bei ya dukani, ili mwenye Volkswagen asishindanishwe na mwenye gari la kifahari. Gari lilitakiwa liwe kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka ule wa kwanza hakukuwa hata na mshindi wa jumla, ingawa Alan Dix na Volkswagen yake ndiye aliyepata adhabu chache kuliko wote. Angalieni picha za miaka ile: mikono ya shati imekunjwa, miwani ya jua, na kofia hakuna.

Barabara hazikufungwa. Hili nalirudia kwa sababu vijana niliozungumza nao hawakuliamini. Safari ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu. Unaposhindana kwa kasi ya ajabu unaweza kukutana na basi la abiria, na basi lina haki kama wewe. Ndiyo maana usalama wa dereva wa Safari ulikuwa na sura yake ya pekee. Gari lilifungwa ngao ya chuma mbele, kwa ajili ya mnyama. Spotlaiti za ziada, na nyingine juu ya madigadi ya mbele, zimewashwa hata mchana ili uonekane ndani ya vumbi. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa juu, mto usije ukakuzimia injini. Honi ya kuamsha wafu. Baadaye, timu zilipokuwa na fedha, helikopta ikatangulia mbele angani ikimwambia dereva kwa redio: lori linakuja, punda kushoto, watu darajani. Hakuna uwanja duniani uliohitaji helikopta kumwambia dereva kuna punda.

Ukitaka kujua ugumu wake tazama idadi ya waliofika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili waliomo ndani ya gari la kwanza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, Peugeot 404. Sisi Tanzania tulikuwa na wa kujivunia katikati yake: Bert Shankland na Chris Rothwell, 1966 na 1967, nao na Peugeot 404. (Sasa mnaelewa kwa nini wazee wa Tanga hawakubali uiseme vibaya Peugeot.)

Halafu kuna 1965, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Joginder Singh, kalasinga wa Kenya, alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant kwenye Volvo PV544. Gari lenyewe lilikuwa la mtumba. Lilikwisha kukimbia na kuumia katika Safari ya mwaka uliotangulia, na wao wakalinunua wakalitengeneza. Mambo ya gereji, siyo ya kiwandani. Lakini aina hiyo ya gari ina nafasi yake kwenye historia ninayoitafuta. Mwezi Agosti 1959, huko Sweden, gari la kwanza kumkabidhi mteja likiwa na mkanda unaopita begani na kiunoni lilikuwa Volvo PV544. Mkanda huo aliubuni mhandisi Nils Bohlin, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wauige bure. Ule mkanda ambao konda wa Noah anakuambia "weka tu juu juu, trafiki yuko mbele," ndio huo. Formula One, mashindano ya matajiri, ilikuja kulazimisha mikanda mwaka 1972. Kofia ngumu walishazilazimisha tangu 1952. Yaani kwa miaka 20 kichwa kilikuwa na sheria na kiwiliwili hakina.

Hoja ya wakati ule haikuwa ya kipumbavu kama inavyoonekana. Madereva wengi waliogopa moto kuliko mgongano. Waliamini ni heri kurushwa nje kuliko kufungwa ndani ya gari linaloungua. Nilimweleza hivi mdogo wangu, akatikisa kichwa kwa kukubali, ikabidi nimkumbushe kwamba yeye alirushwa nje, na matokeo yake ndiyo hilo hogo.

Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam. Ndiyo, Dar hii hii. Mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm, Ford Escort RS1600, wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka uliofuata Safari ikaingia kwenye ubingwa wa dunia, nao ubingwa huo ndiyo kwanza umeanzishwa. Kuanzia hapo sheria zake hazikuandikwa Nairobi peke yake. Kufikia 1974 maneno "Afrika Mashariki" yakatoka kwenye jina, ikabaki Safari Rally ya Kenya. Mwaka 1977 jumuiya yenyewe ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Magari ya Pasaka ya mzee wetu hayakurudi.

Kilichobadilisha sheria za rali kwa nguvu kilitokea mwaka 1986, mbali na huku. Miaka hiyo kulikuwa na magari ya kundi lililoitwa Group B, mepesi, yenye nguvu za kutisha. Ureno, mwezi Machi, watazamaji walikuwa wanasimama katikati ya barabara na kuruka pembeni gari linapokaribia, wengine wakijaribu kuligusa. Joaquim Santos akawakwepa, Ford yake ikamshinda, ikaingia kwenye umati. Watu watatu walikufa, zaidi ya thelathini wakaumia. Kilichofuata ndicho kinachonigusa: madereva wakubwa walikutana hotelini, wakatia saini tamko, wakakataa kuendelea. Walikataa wao, kabla ya mkubwa yeyote kuwaambia. Mwezi Mei, kisiwani Corsica, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walitumbukia bondeni, gari likaungua hadi likabaki mifupa ya chuma. Muda mfupi baadaye ikatangazwa kwamba kuanzia 1987 Group B haitagombea tena ubingwa wa dunia.

Hapa sasa nimlete mtu ambaye naona tumemsahau, wakati ni wa kwetu kabisa. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, Mehta akahamia Kenya. Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya 1973, akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Walifungana pointi na Harry Källström, na kanuni ikaamua: aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu yoyote ndiye mshindi. Akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Mwaka 1987 akapata ajali mbaya sana kwenye Rali ya Mafarao huko Misri, na udereva wake wa mashindano ukaishia hapo. Lakini kuanzia 1997 aliongoza Kamisheni ya Rali ya shirikisho la dunia la magari, FIA, hadi alipofariki 2006. Yaani mtu aliyekimbia barabara zetu zisizofungwa, akavunjika, ndiye aliyekalia kiti cha meza inayoandika kanuni za rali za dunia nzima. Katika kipindi chake, mwaka 2005, kile kifaa cha mabegani kinachozuia shingo isirushwe mbele kwenye mgongano, HANS, kikawa cha lazima kwenye ubingwa wa dunia wa rali. Formula One walikuwa wamekilazimisha 2003.

Kanuni za leo za dereva wa rali ni nyingi. Nguo zisizoshika moto hadi chupi na soksi, kizimba cha vyuma ndani ya gari, mikanda ya kufunga mwili wote, kofia ngumu iliyothibitishwa, vizimia moto. Lakini iliyonivutia zaidi ni kanuni ya kibao. Kila gari la rali linabeba kibao chenye pande mbili. Upande mmoja umeandikwa SOS kwa wekundu, mwingine OK. Ukipata ajali na unahitaji daktari, unaonesha SOS. Anayekuja nyuma yako, hata kama anaongoza mashindano, lazima asimame. Kama mko salama mnaonesha OK, na pembetatu nyekundu mnaiweka angalau mita 50 nyuma ya gari kuwaonya wengine. Dereva anayepita SOS bila kusimama anaadhibiwa. Mpinzani wako ndiye mwokoaji wako wa kwanza, kwa maandishi.

Na barabara? Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda, na hadi mwaka huo ilikuwa bado inakimbizwa kwenye barabara zisizofungwa. Iliporudi 2021, makao yakiwa Naivasha na mshindi akiwa Sébastien Ogier, ilikuwa kitu kingine. Takribani kilometa 320 za kushindania, njia zimefungwa, wasimamizi kila mahali. Helikopta ya punda haihitajiki. Wapo wazee Kenya wanaosema hiyo si Safari, ni kivuli chake. Nawaelewa. Utamu wa Safari ulikuwa haohao uliokuwa hatari yake. Ila ukihesabu kuanzia 1953 hadi 2002 ni miaka 49 ambayo dereva aliongezewa vyuma, mikanda, taa na helikopta, na mtu wa pembeni ya barabara alibaki na kile alichokuwa nacho mama wa yule mzee: kamba ya mbuzi na komeo la mlango.

Sasa turudi Chanika. Siku ya mwisho nilikwenda kumuaga mdogo wangu. Nikamwonesha kwenye simu picha ya kile kibao cha SOS, nikamweleza kanuni yake, nikamwambia hiyo ndiyo rali, siyo mambo yenu ya kuzima taa. Alikitazama muda mrefu. Akaniuliza: "Kaka, na wale wenzangu wawili, walitakiwa wasimame?"

Sikujua kwamba hawakusimama. Hakuwa ameniambia, wala mama mdogo hakujua. Aliyesimama ni dereva wa lori la mahindi lililokuwa linatoka Korogwe. Yeye na utingo wake walimbeba, wakamweka juu ya magunia, wakamfikisha hospitali usiku ule. Mwenye ng'ombe naye ameshakuja mara mbili kudai. Kikao cha familia ni Jumamosi, na wale wenzake wawili wameitwa.